Andikeni tarehe kwenye boksi: barua ya wazi kwa wakuu wa kampuni za vifaa vya kielektroniki

Kwenu wakurugenzi, wahandisi wakuu na wajumbe wa bodi za kampuni zinazotengeneza simu, saa, spika, televisheni, kompyuta na vifaa vya nyumbani vinavyounganishwa na intaneti,

Ndugu wakuu,

Ninawaandikia kama mtu anayefuatilia kazi zenu kwa mapenzi. Kila Januari maonyesho ya CES yanapofunguliwa Las Vegas, husoma hadi habari za kampuni ndogo ambazo hakuna anayezitaja siku ya pili. Huwatazama mafundi wakifungua kifaa kipya skrubu moja moja, nijue kama betri imegandishwa kwa gundi au inatoka bila kupigana nayo. Ndugu na marafiki wakitaka kununua simu, hunipigia mimi kwanza. Na katika maswali yao yote, lipo moja linalonishinda: kifaa hiki kitadumu hadi lini? Naweza kuwatajia kasi ya kichakataji, ung'avu wa skrini, uzito kwa gramu na kina cha maji ambacho kifaa kinaweza kuzamishwa kikatoka salama, kwa kuwa hayo yote mmeyaandika. Muda ambao kifaa kitaendelea kufanya kazi ile mliyokiuzia, hamjauandika popote ambapo mnunuzi anatazama.

Ombi langu ni hilo moja. Andikeni tarehe kwenye boksi, upande wa nje, mahali mtu anapoiona kabla hajatoa pesa. Semeni kifaa hiki kitapata masasisho ya usalama hadi mwezi fulani wa mwaka fulani. Semeni huduma zake za mtandaoni zitakuwa hewani angalau hadi siku fulani. Kisha semeni, kwa sentensi moja au mbili, kifaa kitabaki na kazi gani siku huduma hizo zikizimwa. Pakiti ya dawa ina tarehe ya mwisho wa matumizi, na hakuna anayeiona kama tusi kwa aliyeitengeneza.

Zamani kifaa cha umeme kilikufa kwa kuharibika. Mota iliungua, waya ulikatika, kapasita ilivimba, na fundi aliweza kukuonyesha kwa kidole mahali palipoharibika. Siku hizi kifaa kinaweza kufa kikiwa kizima. Taa inawaka, betri inashika chaji, hakuna kilichokatika. Kilichozimwa ni seva, yaani kompyuta ya kampuni iliyoko mbali inayokihudumia kifaa, na aliyeizima ni mmoja wenu.

Mnaikumbuka Revolv. Kilikuwa kitovu cha kuendeshea taa na vifaa vingine vya nyumbani, kikiuzwa kwa dola 299 pamoja na ahadi ya huduma bila malipo kwa maisha yake yote. Nest, kampuni ya vifaa vya nyumbani, iliinunua kampuni hiyo mwaka 2014, na Mei 2016 seva zikazimwa. Vitovu vilivyokuwa vikifanya kazi vizuri usiku uliotangulia vikawa plastiki tupu. Miaka iliyofuata mchezo ukawa uleule kwa majina mengine. Spotify iliuza Car Thing, skrini ndogo ya kuendeshea muziki ndani ya gari, kuanzia 2022. Utengenezaji ukasimamishwa mwaka huohuo, na tarehe 9 Desemba 2024 vyote vikazimwa kwa mkupuo. Ushauri wa mwanzo waliopewa wenye navyo ulikuwa kufuta data zao na kukitupa kifaa kwa kufuata taratibu za taka za kielektroniki. Fidia ilikuja baada ya watu kupiga kelele.

Lakini kisa kinachonisumbua zaidi ni cha Humane. Kampuni hii ilianzishwa na watu waliotoka Apple, Imran Chaudhri na Bethany Bongiorno, wakaja na wazo ambalo mimi binafsi nililishangilia: kifaa kidogo cha kubandika kifuani, kisicho na skrini, unachozungumza nacho na kinachokuonyesha maandishi kwa mwanga kwenye kiganja cha mkono. Kifaa hicho, AI Pin, kilianza kuwafikia wateja Aprili 2024 kwa dola 699, na juu yake dola 24 kila mwezi. Wakaguzi walikilalamikia kwa joto, kwa majibu kuchelewa na kwa majibu yenyewe kukosea. Hilo nalisamehe, kitu cha kwanza cha aina yake huwa hivyo, na bila watu wa kuthubutu tungekuwa bado tunabonyeza vitufe. Kisichosameheka ni kilichofuata. Februari 2025 HP, kampuni ya kompyuta na printa, ilitangaza kununua teknolojia na hataza (haki za uvumbuzi) za Humane kwa dola milioni 116, na wateja wakapewa siku 10 tu. Tarehe 28 Februari seva zilizimwa, data za wateja zikafutwa, na aliyenunua nje ya dirisha la kurudisha bidhaa la siku 90 hakurudishiwa chochote. Kampuni ilieleza kwamba kazi zisizohitaji mtandao zingebaki, na mfano ilioutoa ni kuangalia kiwango cha betri.

Tafakarini jambo hili kama wahandisi. Kifaa chenye kamera, spika, maikrofoni, projekta ya leza na kichakataji kinachozidi nguvu ya kompyuta nyingi za zamani kilibakia na kazi ya kuonyesha ni chaji kiasi gani imebaki. Maunzi yale hayakuwa na kosa lolote. Hakuna aliyekuwa ameketi chini, siku ya kukichora kifaa, akauliza kitafanya nini siku ambayo sisi hatupo. Kama sheria ya kampuni ingewalazimisha kuchapa jibu la swali hilo kwenye boksi, nina hakika mtu angelazimika kulitafutia jibu bora kuliko lile.

Wakati mwingine tarehe huwa imo ndani ya kifaa tangu kiwandani na hakuna anayeijua, wala ninyi wenyewe. Machi 2025, Chromecast za kizazi cha pili, vile vifaa vidogo vya Google vya kurushia video kwenye televisheni vilivyoanza kuuzwa 2015, pamoja na Chromecast Audio, ziliacha kufanya kazi kwa ghafla. Watu walihangaika na ruta zao na kubadilisha nenosiri za Wi-Fi; wengine wakakirudisha kifaa katika hali ya kiwandani, na kwa kufanya hivyo wakajiongezea tatizo. Chanzo kilikuwa cheti cha kidijitali, ile hati ya ndani ambayo kifaa hutumia kujitambulisha kwamba ni halali. Kilitolewa kwa miaka 10, na miaka 10 ikaisha. Google ilitoa sasisho la kurekebisha ndani ya siku chache, na naipongeza kwa kutowaambia watu wanunue kipya. Hata hivyo tazameni somo la kiufundi lililomo. Vifaa vyenu vingi vilivyounganishwa na intaneti vina vyeti vya namna hiyo, kila cheti kina siku yake ya mwisho, na siku hizo zinaweza kuorodheshwa leo hii na mhandisi mmoja mwenye ruhusa ya kuingia kwenye mifumo yenu. Tarehe ninayoiomba, kwa sehemu kubwa, tayari mnayo.

Kuna kifo cha pili, cha polepole, ambacho kifaa kinabaki hai ila si kile ulichonunua. Mashine ya michezo ya PlayStation 3 ilipotoka mwaka 2006 ilimruhusu mwenye nayo kuweka mfumo mwingine wa uendeshaji, kama Linux. Wapo watafiti walioziunganisha nyingi pamoja zikafanya kazi ya kompyuta kubwa. Tarehe 1 Aprili 2010 Sony ilitoa sasisho lililoondoa uwezo huo kwa sababu za usalama. Aliyelikataa sasisho alifungiwa nje ya mtandao wa PlayStation. Kwa maneno mengine mnunuzi aliambiwa achague ni nusu ipi ya mashine yake angependa kubaki nayo. Septemba 2016 ikawa zamu ya printa za HP, ambazo zilianza kukataa wino wa watengenezaji wengine kwa sababu ya programu iliyokuwa imeingizwa ndani yake kabla, na watu waliamka wakakuta katriji zilizokuwa zikichapa jana hazitambuliwi leo. Mei 2024 Sonos ilileta programu mpya ya kuendeshea spika zake ikiwa pungufu ya mambo ambayo wateja waliyazoea, na mkurugenzi wake mkuu, Patrick Spence, aliondoka Januari 2025. Mwaka huohuo wa 2025 Samsung ilithibitisha kwamba inafanya majaribio nchini Marekani ya kuonyesha matangazo kwenye skrini za friji zake za Family Hub, friji ambazo watu walishazilipia.

Nayataja haya kwa sababu tarehe peke yake haitoshi ikiwa kilicho nyuma ya tarehe kinaweza kubadilishwa mtakavyo. Ninapoomba mwandike "hadi lini", namaanisha hadi lini kifaa kitafanya yale yaliyochapwa kwenye boksi hilohilo. Mkitaka kuongeza kitu, ongezeni, tutashukuru. Mkitaka kuondoa au kuweka matangazo mahali ambapo hayakuwapo, ombeni ruhusa, na anayekataa abaki na alichonunua bila kuadhibiwa.

Najua mtakachonijibu, na baadhi ya majibu yenu ni ya kweli.

Mtasema seva hugharimu pesa kila mwezi ilhali mteja alilipa mara moja. Ni kweli. Basi wekeni gharama hiyo kwenye bei, au tozeni kila mwezi kwa uwazi tangu siku ya kwanza. Mwaka 2024 mkuu wa Logitech, Hanneke Faber, alizungumzia wazo la kipanya cha kompyuta cha kudumu milele ambacho huenda kingeambatana na malipo ya programu, watu wakamjia juu, kampuni ikasema haina mpango wa bidhaa hiyo. Mimi sikukasirika. Mazungumzo yale yalikuwa ya haki kuliko ahadi nyingi zilizochapwa kwa herufi kubwa, kwa sababu yalikubali kwamba kudumu kuna gharama na yakauliza nani ailipe. Tatizo letu ni huduma inayouzwa kana kwamba imelipiwa moja kwa moja, kumbe inategemea kama robo ijayo ya mwaka wa fedha itakuwa nzuri.

Mtasema pia kwamba mikono yenu imefungwa na watengenezaji wa chipu. Hili linastahili kuelezwa vizuri, kwa kuwa wateja wengi hawalijui. Simu ya Android haisasishwi na kampuni iliyoiuza peke yake. Chipu iliyomo ndani huhitaji programu za kuiendesha, ambazo huandikwa na aliyetengeneza chipu, na yeye akiacha kuzitunza, kampuni ya simu hubaki na jengo lisilo na msingi: inaweza kupaka rangi juu, lakini nyufa za chini haiwezi kuziziba. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya simu nzuri kuachwa baada ya miaka miwili au mitatu. Lakini Fairphone, kampuni ndogo ya Uholanzi, iliitunza Fairphone 2 kuanzia 2015 hadi 2023, ikaipandisha matoleo ya Android hata baada ya Qualcomm, iliyotengeneza chipu iliyokuwamo, kuacha kuihudumia. Kampuni yenye wafanyakazi wachache kuliko idara moja yenu iliweza. Kisha Oktoba 2023 Google ikaahidi miaka 7 ya masasisho kwa simu yake ya Pixel 8, na Januari 2024 Samsung ikafuata kwa Galaxy S24. Februari 2025 Qualcomm yenyewe ilitangaza, pamoja na Google, kuwezesha hadi miaka 8 kwa vifaa vyenye chipu zake mpya za kiwango cha juu. Kilichokuwa hakiwezekani kiliwezekana ndani ya miezi michache mara kampuni mbili zilipoanza kushindana kwa idadi ya miaka. Nilifurahi sana wakati ule, na furaha hiyo bado ninayo. Ninachouliza ni kwa nini idadi hiyo hutamkwa jukwaani zaidi kwa simu ghali, halafu nyingi za bei ya chini, ambazo ndizo zinazonunuliwa na wengi, hunyamaziwa.

Jibu la tatu hamlisemi hadharani, lakini lipo: mnaogopa kwamba mtu akijua kifaa chake kina miaka mingi mbele, hatanunua kipya. Woga huu una ushahidi. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake hupunguza kasi ya iPhone zenye betri iliyochoka ili zisizimike ghafla. Maelezo ya kiufundi yalikuwa sahihi. Betri ya lithiamu ikizeeka haiwezi kutoa umeme mwingi kwa mpigo mmoja, na simu huzimika hata ikiwa na chaji. Kosa lilikuwa kufanya hivyo kimya kimya, hivi kwamba mtu mwenye tatizo la betri aliamini simu nzima imezeeka. Apple ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29 kwa mwaka mzima wa 2018. Januari 2019 Tim Cook, aliyekuwa akiiongoza Apple, aliwaandikia wawekezaji kwamba mapato yangekuwa chini ya matarajio. Sababu kubwa aliyoitaja ni uchumi, hasa wa China, lakini kati ya sababu nyingine alitaja waziwazi wateja waliotumia nafasi ya betri za bei nafuu. Mwaka 2020 kampuni ikatozwa faini ya euro milioni 25 nchini Ufaransa kwa kutowaeleza wateja, na Marekani ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi.

Mnaweza kukisoma kisa hicho kama onyo dhidi ya uwazi. Mimi nakisoma hivi: watu walipoambiwa ukweli, walifanya jambo la busara, wakabadilisha kipuri kimoja wakaendelea na simu waliyoipenda. Na Apple haikufa. Leo kampuni hiyo hiyo inaonyesha afya ya betri ndani ya mipangilio ya simu, kila mtu aione. Walichokificha wakageuza kuwa kipengele cha kujivunia.

Sheria nazo zimeanza kuwasukuma. Tangu tarehe 29 Aprili 2024, Uingereza inawataka watengenezaji wa vifaa vinavyounganishwa na intaneti wataje muda wa chini wa masasisho ya usalama, na imepiga marufuku nenosiri moja rahisi kwa vifaa vyote. Tangu tarehe 20 Juni 2025, Umoja wa Ulaya unataka simu na tableti zipate masasisho ya mfumo kwa angalau miaka 5 tangu toleo hilo lilipoacha kuuzwa, vipuri vipatikane kwa miaka 7, na betri ibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 800. Februari 2027 itakuja kanuni ya betri ambazo mwenye kifaa anaweza kuzitoa mwenyewe. Nazishangilia zote. Hata hivyo nimesoma jinsi baadhi ya kampuni zinavyotimiza takwa la kutaja muda: ukurasa uliozikwa ndani ya tovuti, jedwali la majina ya matoleo ambayo hayapo kwenye boksi, na aya za kisheria ambazo humaliza kwa kusema lolote linaweza kubadilika. Saa janja na spika hazimo kabisa kwenye kanuni ile ya simu na tableti. Mkisubiri kila kifaa kipate sheria yake, mtaburutwa miaka 20.

Nipite haraka kwenye kompyuta, maana hapo yupo mmoja wenu aliyefanya nusu ya ninachoomba. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na Microsoft ilitaja mapema kwamba ingeacha kuihudumia Oktoba 2025. Siku ikafika, ikawa hivyo. Nawapa heshima kwa kutaja tarehe na kuitimiza. Lawama yangu ni kwamba Windows 11 ilipokuja na masharti yake ya chipu ya usalama ya TPM 2.0 na vichakataji vipya, kompyuta nyingi zenye nguvu za kutosha zilikosa mahali pa kwenda, na aliyenunua kompyuta mwaka 2016 au 2017 hakuwa ameambiwa dukani kwamba mashine ile ingefungiwa mlango wa toleo linalofuata. Tarehe ya programu ilijulikana. Tarehe ya mashine haikuandikwa.

Kwa nini naandika sasa? Kwa sababu ya kumbukumbu, zile chipu za RAM. Tangu mwishoni mwa 2025 bei zake zimepanda vibaya, kwa kuwa Samsung, SK Hynix na Micron, ambazo ndizo hutengeneza sehemu kubwa ya chipu hizo duniani, zinaelekeza viwanda vyao kwenye kumbukumbu za kasi kubwa zinazohitajiwa na vituo vya akili mnemba. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na biashara ya Crucial, chapa iliyowauzia watu wa kawaida kumbukumbu tangu 1996. Mimi nilijifunza kufungua kompyuta kwa chapa za namna hiyo, na habari ile iliniuma. Maana yake kwa mnunuzi ni nyepesi kuelewa: simu na kompyuta mpya zitakuwa ghali zaidi, au zitauzwa kwa bei ileile zikiwa na kumbukumbu kidogo. Watu watakaa na walivyonavyo kwa muda mrefu. Katika hali hiyo, kuzima kifaa kinachofanya kazi ni kumwambia mtu anunue kwa bei ya juu kitu ambacho tayari anacho.

Na vinavyozimwa haviendi hewani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ilihesabu tani milioni 62 za taka za kielektroniki kwa mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Sasa nirudi kwenye sehemu ya ombi langu ambayo naiona ngumu zaidi kwenu, ya siku baada ya tarehe. Hakuna anayewataka mwendeshe seva milele. Tunachotaka ni kwamba mkiondoka, muache mlango wazi. Inawezekana, imeshafanyika. Google ilipofunga huduma ya michezo ya Stadia tarehe 18 Januari 2023, iliwarudishia watu pesa za michezo na za vifaa walivyovinunua kwenye duka lake, kisha ikatoa zana ya kukifungua kidhibiti chake kiweze kuunganishwa kwa Bluetooth na kompyuta au simu yoyote. Huduma ilikufa, kidhibiti kikabaki hai. Pebble ni kisa kizuri zaidi. Saa ile iliyochangiwa zaidi ya dola milioni 10 na watu wa kawaida mwaka 2012 ilipofika mwisho, Fitbit, iliyonunua mali zake mwishoni mwa 2016, ilitoa masasisho ya kupunguza utegemezi wa programu kwa seva, ikaziendesha seva zenyewe hadi Juni 2018. Wapenzi wa saa hiyo wakajikusanya kwa jina la Rebble, wakajenga huduma mbadala. Januari 2025 Google, ambayo sasa inaimiliki Fitbit, iliweka hadharani msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, wa mfumo wa saa za Pebble, na mwanzilishi wa Pebble, Eric Migicovsky, akarudi kutengeneza saa mpya zinazoutumia. Saa iliyotangazwa kufa 2016 ina watoto. Kilichohitajika kilikuwa uungwana wa kutozichukua funguo hadi kaburini.

Kwa hiyo kwenye boksi, chini ya tarehe, andikeni mnachoahidi kukiacha: kwamba kifaa kitaendeshwa kwa mtandao wa nyumbani bila seva yenu, au kwamba mtatoa programu ya mwisho ya kukifungua, au kwamba maelezo ya kiufundi yatachapishwa ili wengine waendelee. Kampuni changa ambazo hazina hakika ya kuwapo mwakani ziweke msimbo na funguo za kukifungulia kifaa kwa mtu wa tatu anayeaminika, avitoe siku kampuni ikifilisika au ikinunuliwa. Na kama mmeamua kwamba hamtaacha chochote, andikeni hivyo pia, kwa herufi zilezile. Mnunuzi ataamua mwenyewe.

Kwa vifaa ambavyo mmeshaviuza, boksi zake zimeshatupwa. Hivyo chapisheni orodha moja ya wazi, yenye jina la kifaa kama lilivyoandikwa nyuma yake, tarehe ya mwisho wa masasisho, tarehe ya mwisho wa huduma na kitakachobaki, na isomeke bila kufungua akaunti. Anzeni na vile mlivyoacha kuvitengeneza, kwa sababu wenye navyo ndio walio karibu zaidi na siku ya kuzimiwa, na ndio ambao hawajaambiwa lolote.

Wasalaam,

Mteja wenu wa miaka mingi na mpenzi wa vifaa vya kielektroniki